Mikutano Mitatu Imevunjika: Wakulima na Wafugaji Waanzie Wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mtendaji wa kijiji cha tambarare, kusini mwa mji wa Moshi. Mwaka juzi ng'ombe waliingia kwenye mahindi yaliyokaribia kukomaa. Mkulima akawakata watatu kwa panga, na usiku uleule kijana wake akavunjwa mkono. Tangu hapo tumefanya mikutano mitatu ya hadhara, mmoja ukiwa na viongozi wa wilaya. Kila mara watu wanapeana mikono, makofi yanapigwa, na wiki mbili hazipiti vurugu zinarudi. Sasa hata gulioni hawasalimiani. Nina laki tano kwa ajili ya mkutano wa nne. Niutayarisheje ili usivunjike kama ile mingine?

Jibu: Marahaba, ndugu mtendaji. Mkutano wa nne usiuitishe kwa sasa. Laki tano zinatosha, ila sehemu kubwa itumike katika wiki zinazotangulia kikao na katika siku zinazokifuata. Siku ya kikao chenyewe ni sehemu ndogo ya kazi, na ndiyo pekee mliyoifanya mpaka leo.

Tazama mikutano yenu ilivyokaa. Bila shaka palikuwa na meza kuu yenye kitambaa, wageni nyuma yake, na wananchi wamekaa chini kwa makundi mawili. Mtu aliyesimama kusema hakumwambia jirani yake lolote. Aliiambia meza kuu. Mkulima alihesabu magunia yaliyopotea ili mgeni asikie, mfugaji akahesabu ng'ombe ili mgeni asikie, na kila mmoja alitaka hukumu itoke mezani. Mwisho mgeni akaomba watu washikane mikono, wakashikana kwa heshima yake. Alipopanda gari, heshima ile aliondoka nayo.

La pili ni zito zaidi: waliokubaliana siku ile si wanaoingiza ng'ombe wala si wanaolima njia ya ng'ombe. Huko tambarare mashamba mengi yamekodishwa. Anayelima ni mtu wa mjini au wa mlimani anayeshuka masika kwa trekta, analipa kodi ya msimu na kuondoka. Ng'ombe nao huchungwa na layoni, mvulana ambaye hajatahiriwa, wa miaka 12 au kijana wa mshahara, na mwenye mifugo aghalabu yuko mbali. Wazee wenye busara wa pande zote wanakaa mkutanoni, wanakubaliana vizuri kabisa, kisha dereva wa trekta ambaye hajasikia lolote anakata mita 5 za mapito. Basi.

Mkoa jirani una somo kuhusu hili. Mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na miezi minane baadaye yakaanza mauaji ya kimbari. Mazungumzo ya Burundi yalianza Arusha mwezi Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya yeye kufariki Oktoba 1999 yakaendelezwa na Nelson Mandela hadi saini ya tarehe 28 Agosti 2000. Pande 19 zilikuwa mezani. Makundi makuu yaliyokuwa yakipigana msituni hayakuwemo, na vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Mkataba ule ulifanya mengi mema baadaye, lakini mwenye bunduki ambaye hakuitwa hakujiona kafungwa na saini ya mwingine. Kijijini kwako mwenye bunduki huyo ni dereva wa trekta na mwenye ng'ombe wa mjini.

Kwa hiyo anza na majina. Chukua daftari la kurasa mbilimbili. Ukurasa wa kushoto andika kila mtu ambaye, akikataa, makubaliano hayatatekelezeka. Wa kulia andika nani anaweza kumfikia. Kwa wafugaji usiishie kwa laigwanani, kiongozi wa rika wa Kimaasai. Laigwanani ana sauti kwa rika lake, lakini rika la morani lina laigwanani wake, na wanawake ndio wanaojua ng'ombe walirudi bomani saa ngapi na maziwa yalipungua kiasi gani. Kwa wakulima usiishie kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watafute wakodishaji, wakodi, na yule anayenunua mabua akayapandisha mlimani kwa ng'ombe wa zizini, maana ndiye anayegombania lishe ileile na mfugaji baada ya mavuno. Ukimaliza utakuwa na majina kati ya 30 na 40. Yakiwa 10 tu, hujamaliza.

Sasa lile ambalo utanisamehe kulisema: wewe si mtu wa kuongoza mazungumzo haya. Si kwa ubaya wako. Ofisi yako hupokea faini za mifugo, huandika barua za polisi na hugawa maeneo. Upande mmoja utakuona hakimu, mwingine utakuona mshtaki. Kazi yako ni kulinda nafasi, kutoa taarifa wilayani na kuhakikisha yaliyokubaliwa yanaandikwa. Waongoza mazungumzo wawe wawili, mmoja mkulima na mmoja mfugaji, wote kutoka kijiji kingine ambacho hakina shamba wala ng'ombe kwenu. Angalau mmoja ajue vizuri Kimaa, lugha ya Wamaasai. Hili la lugha hupuuzwa sana. Mzee anayejieleza kwa ufasaha kwa Kimaa akilazimishwa Kiswahili cha mkutano husema maneno machache makavu, na wakulima wakadhani ni jeuri.

Hao wawili wapewe wiki sita hadi nane za kutembea. Wamwone kila mtu wa orodha kwake, peke yake au wawili watatu, kwa saa moja hivi. Waulize maswali manne tu. Ilitokea nini, tangu mwanzo unaoujua wewe? Ulipoteza nini ambacho hakijarudi? Upande wa pili ukifanya jambo gani dogo utaamini kwamba wamebadilika? Na nyinyi wenyewe mnaweza kufanya lipi bila kuombwa? Swali la tatu ndilo lenye mali. Mtu hatasema "nataka amani". Atasema "wapitishe ng'ombe baada ya saa tatu, watoto wakishafika shule" au "wasifunge birika la kunyweshea ng'ombe kwa miba". Hayo ndiyo matofali. Yaandikwe kwa maneno ya msemaji, bila kuyapamba na bila jina lake.

Madai na haja wayatenganishe wanapoandika. "Wafugaji waondoke" ni dai. Ukichimba chini yake utakuta haja: kupata mavuno ya kulipa mkopo wa mbegu kabla ya Agosti. "Ardhi hii ni ya malisho tangu babu" ni dai. Chini yake kuna haja ya kufika majini na kwenye josho bila kupita katikati ya mahindi. Madai mawili hayo hayapatani kamwe. Haja zake zinapatana karibu zote, isipokuwa miezi miwili mitatu ya mwaka.

Ili kuijua hiyo miezi, wachore kalenda. Chora mstari wa miezi 12 chini kwa kijiti, kila upande peke yake kwanza. Wakulima waweke kupanda, palizi, kukomaa na kuvuna mabua. Wafugaji waweke malisho ya karibu, kuhama, kunywesha mbali, kuogesha kila wiki dhidi ya kupe na ndigana. Kisha linganisha. Mara nyingi mtaona ugomvi haukai mwaka mzima. Uko kati ya mahindi kukomaa na mabua kuondolewa, na tena mvua za vuli zikichelewa. Mnagombana siku kama 60 na kuchukiana siku 365. Jambo hilo likionekana chini kwenye vumbi, watu hucheka, na kicheko cha namna hiyo kina faida kuliko hotuba.

Utani nao una nafasi yake, ila si mapema. Wachagga na Wapare ni watani, wanaweza kurushiana maneno makali na pasiwe na neno. Usidhani utani huo unaweza kuazimwa ukapelekwa kwa Wamaasai katika kikao cha kwanza. Penye jeraha bichi mzaha husikika kama dharau.

Kabla ya pande kukutana, kila upande ukutane peke yake mara moja. Wanawake wakae peke yao na vijana peke yao, halafu wazee. Sababu ni rahisi. Mbele ya wazee morani hatasema kwamba yeye ndiye aliyepitisha ng'ombe usiku, na mbele ya mumewe mwanamke hatasema kwamba shamba lililoliwa lilikuwa limelimwa juu ya njia. Wakisha kuyasema hayo ndani kwao, angalau nusu ya uzito hupungua. Wajir, kaskazini mwa Kenya, koo zilipouana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha wanawake akiwemo Dekha Ibrahim Abdi hakikuanza na mkutano wa amani. Kilianza sokoni mwaka 1993: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, na wapo wanawake wa kuangalia kama sharti linafuatwa. Wazee na vijana walifuata baadaye. Nawe umesema gulioni hawasalimiani. Basi gulio ndilo mahali pako pa kwanza, kabla hata ya shamba. Muuza maziwa na muuza ndizi wakirudi kupanga bidhaa jirani, umepata kipimo ambacho kila mtu anakiona bila kusomewa ripoti.

Wakati waongoza mazungumzo wanatembea, tafuta ahadi moja ndogo kwa kila upande, itimizwe bila kusubiri kikao. Iwe ndogo kiasi kwamba haiwezi kushindikana, na ionekane kwa macho. Mfano, wakulima waondoe miba kwenye njia ya birika kufikia Ijumaa, na wafugaji wawafunge ng'ombe wawili watatu viongozi kengele ili kundi lisikike likija. Ahadi ikitimizwa, waongoza mazungumzo waende kuusimulia upande wa pili siku hiyohiyo. Kuaminiana huja hivi: nilisema, nikafanya, ukaona. Ahadi kubwa ikivunjika mwanzoni hukurudisha nyuma kuliko ulipoanzia. Kwa hiyo usimruhusu mzee yeyote mwenye moyo mzuri kuahidi mambo ya ukoo mzima.

Kikao cha pamoja kiwe cha watu 24 hivi, 12 kila upande, na kila upande uwe na wanawake wanne na vijana watatu. Zaidi ya 30 mnarudi kwenye mkutano wa hadhara. Mahali pasiwe ofisini kwako, pasiwe kanisani wala msikitini, pasiwe bomani. Chini ya mti karibu na josho panafaa, au darasa wakati wa likizo. Duara, viti vya namna moja au wote mkekani, bila meza. Kiongozi wa wilaya asiwepo siku hiyo. Mtaarifu kwa barua na mwalike siku ya mwisho. Muda ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana: ng'ombe wameshakamuliwa na kutoka, na jua halijawafukuza watu. Isiwe siku ya gulio.

Posho ya kikao usitoe. Ukiitoa mara moja, kikao kijacho watakuja wanaofuata posho na watabaki nyumbani wenye ugomvi. Toa chakula na nauli kwa wanaotoka mbali. Kwa watu 30 pika mchele kilo 6, maharage kilo 3 na nyama kilo 5. Mchinjaji awe Mwislamu ili kila mtu ale. Bora zaidi, wafugaji walete maziwa na wakulima walete ndizi. Chakula kilicholetwa na aliyekukosea huliwa polepole, lakini huliwa.

Laki tano zako nizigawe hivi: 150,000 nauli na vocha za waongoza mazungumzo kwa wiki nane, 220,000 chai za vikao vya ndani na chakula cha vikao viwili vya pamoja, 50,000 daftari, kamba ya kupimia, rangi ya mawe na kitabu cha stakabadhi, 80,000 usiziguse mpaka makubaliano yaanze, zitalipa bodaboda ya wathamini wa hasara, nitakaowaeleza mbele. Kila anayepanga bajeti ya amani husahau hiyo ya mwisho.

Ndani ya duara, fimbo moja ipite. Mwenye fimbo ndiye asemaye, dakika tatu, na anasema alichopoteza yeye, si alichofanya mwingine. Anayefuata haruhusiwi kujibu mpaka arudie kwa ufupi alichosikia, na mwenzake akubali kwamba ndicho. Inachosha, na wazee watalalamika kwamba ni mambo ya watoto. Iache ichoshe. Mtu akilazimika kurudia kwa kinywa chake kwamba "mwenzangu anasema ng'ombe yule aliyekatwa ndiye aliyekuwa akitoa maziwa ya watoto wake", hasira hukosa pa kushika. Swali la "nani alianza" likizuka, mwongoza mazungumzo aliandike ukutani au kwenye daftari na kusema litarudi. Mara nyingi halirudi. Likirudi, lipewe kikao chake.

Kuna tahadhari moja ambayo wapenda amani hawaipendi. Sierra Leone palifanyika utafiti katika vijiji 200, ukachapishwa mwaka 2016. Vijiji vilivyofanya vikao vya kukiri na kusamehe vilionyesha msamaha mkubwa zaidi na ushirikiano zaidi wa kijamii. Wakati huohuo, huzuni, hofu na majeraha ya moyo ya watu binafsi yaliongezeka. Kusimulia jeraha mbele ya watu kunalifungua. Yule kijana aliyevunjwa mkono, na familia ya ng'ombe watatu, wasishurutishwe kusimulia. Waulizwe faraghani, wachague, wanaweza kusemewa na ndugu. Na kwa wiki nne baada ya kikao kila mmoja awe na mtu wa kumtembelea, awe mchungaji, shehe, mhudumu wa afya au shangazi, aulize hali bila kuuliza amani.

Kuomba radhi kuna taratibu zake huku kwetu, na zina nguvu. Kwa Wachagga, anayekuja na jani la sale si rahisi kumkataa. Kwa Wamaasai, majani mabichi mkononi ni alama ya amani, na kuna osotua, uhusiano wa kupeana wakati wa shida unaobeba jina la kitovu. Usivitumie hivi kama mapambo ya sherehe. Vije vyenyewe, mikononi mwa wahusika, na vije baada ya fidia kukubaliwa. Sale likitangulia fidia, mkosewa ataona anazibwa mdomo kwa jani. Maneno ya radhi nayo yawe kamili: nilifanya hili, lilikuumiza hivi, nitalipa hivi kufikia siku hii. Neno "lakini" likiingia, mwongoza mazungumzo asimamishe na aanze upya.

Lile la mkono uliovunjwa linabaki jinai. Kikao hakina mamlaka ya kufuta kesi ya kujeruhi, na mtu asiahidiwe hivyo kwa chinichini, kwa sababu siku polisi watakapokuja mtaonekana waongo wote. Mnaweza kukubaliana kuhusu matibabu na siku za kazi zilizopotea. Mengine yaende na mkondo wake.

Tufike kwenye fidia, maana hapa ndipo makubaliano mengi hufa. Kwanza tenganisha faini na fidia kwa herufi kubwa ukutani. Faini huenda ofisini, fidia huenda kwa aliyeharibiwa. Mkulima anayeona ng'ombe wanatozwa faini na yeye harudishiwi hata debe moja, kesho hatapeleka ng'ombe ofisini. Atachukua panga. Kila shilingi ya faini ikatiwe stakabadhi mbele ya watu wawili wa kila upande.

Pili, kuwe na kanuni ya kuthamini inayojulikana kabla ya uharibifu. Wathamini watatu: mkulima, mfugaji na afisa ugani. Wafike shambani kabla ya jua la kesho yake kuzama, nyayo zingalipo. Ekari kwetu ni hatua 70 kwa 70, yaani hatua 4,900 za mraba. Tumieni kamba yenye mafundo badala ya hatua za mtu, kwa kuwa hatua za mkulima huwa fupi siku ya kupima. Eneo lililoliwa likiwa hatua 20 kwa 35, hiyo ni 700, sawa na sehemu moja ya saba ya ekari. Kama upande usioguswa wa shamba hilohilo unatarajiwa kutoa magunia 14 kwa ekari, fidia ni magunia 2. Ilipwe kwa mahindi, au kwa fedha kwa bei ya gulio wiki ya mavuno, si kwa bei ya mtu mwenye hasira.

Umri wa mahindi unabadilisha hesabu. Mahindi yasiyofika magotini, yenye majani matano au sita, kiini chake cha kuchipulia bado kipo chini ya udongo au usawa wake, na mengi huchipua tena baada ya kuliwa. Hapo pimeni siku hiyo, wekeni vigingi, rudini baada ya siku 7 mhesabu mashina yaliyokufa. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo, ekari ina mashina kama 18,000. Kwa kipimo hicho sehemu ile ya saba ina 2,500 na ushei. Mahindi yaliyoliwa yakiwa yametoa mbelewele hayarudi, lipeni yote, ila mabua yaliyobaki yana thamani na yatolewe kwenye hesabu.

Ng'ombe naye awe na kanuni yake, kwa ukali uleule. Mtamba, ng'ombe wa maziwa, dume na ndama wana bei tofauti, na afisa mifugo akae kwenye uthamini. Kama mahindi yana kipimo na ng'ombe hana, wafugaji watasema karatasi iliandikwa na wakulima, na watakuwa na haki. Ng'ombe wakikamatwa shambani wapelekwe ofisini, si nyumbani kwa mkulima. Wanyweshwe, na ndama wanyonye. Ukatili mdogo wa muda wa saa tatu, ng'ombe wanaolia kwa kiu na maziwa, umewahi kuwasha moto mkubwa kuliko mahindi yenyewe.

Makubaliano ya kwanza yadumu siku 14 tu. Nusu ukurasa, Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti kwa Kimaa pia. Njia ipi itumike na saa ngapi. Mpaka wake upakwe rangi kwenye mawe na watu wa pande zote wakiwa pamoja. Hakuna kukata mnyama. Simu nne, mbili kila upande, za kupigiwa ndani ya saa moja jambo likitokea. Siku ya 15 watu walewale 24 wakutane, lijibiwe swali moja kwa kila kifungu: kilifanyika au hakikufanyika? Kilichoshindikana kipunguzwe, si kukemewa. Kisha mwezi, kisha miezi mitatu, na lazima kimojawapo kiangukie msimu wa mabua. Makubaliano yaliyopimwa wakati wa mvua tu hayajapimwa.

Baada ya msimu mmoja kamili ndipo mzungumzie sheria ndogo, kupitia halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji na idhini ya halmashauri ya wilaya, pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi unaotenga njia na malisho. Wengi huanza na hapa. Wanapata karatasi yenye muhuri isiyoheshimiwa na yeyote. Mgogoro wa mpaka wa mtu mmoja mmoja upelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mhusika anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna vitu vichache vya kutazama. Sauti za WhatsApp: kubalianeni kwamba zile simu nne ndizo zinazothibitisha habari, na isiyothibitishwa haisambazwi. Ng'ombe wa wageni wakati wa ukame: wenyeji wafugaji ndio watangulie kuwapokea na kuwaonyesha njia, wakishindwa watoe taarifa wenyewe kabla mkulima hajaona. Dalali wa mashamba: anauza au kukodisha juu ya mapito, kwa hiyo kila hati ya kukodi shamba ipite ofisini kwako na mkodi asaini ukurasa wa njia ya ng'ombe kabla ya trekta kushuka.

Na hilo bonanza la mpira ambalo bila shaka mtu atalipendekeza, wakulima dhidi ya wafugaji, jezi mbili, mbuzi kwa mshindi. Usifanye hivyo. Mmewatengenezea vita vya dakika 90. Changanya timu. Iraki, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwachanganya Wakristo na Waislamu kwenye timu moja moja za ligi. Wachezaji Wakristo walibadilika kwa wenzao wa timu, wakaendelea kucheza pamoja, lakini mabadiliko hayo hayakufika sana kwa Waislamu wasiowajua mitaani. Kwa hiyo mpira uliochanganywa unafaa kwa vijana watakaoendelea kukutana, kwa mfano walewale watakaokuwa wathamini na wenye zile simu nne. Usitegemee uponye kijiji kizima.

Wiki hii, basi, ni daftari na majina tu. Mwenye ng'ombe anayeishi mjini ni mgumu kumpata kwa sababu bomani watakupa namba ya mchungaji. Muulize anayempelekea dawa za kuogesha, yeye anajua alipo.